Kabla hujabofya "Restart now": mambo ya kuweka sawa kabla ya apdeti ya Windows

Apdeti za Windows za kila mwezi hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, na kwa saa zetu huanza kuingia usiku. Usikimbilie kuwa wa kwanza. Apdeti mbovu hujulikana ndani ya siku chache, na anayesubiri wiki moja au mbili hukuta wenzake wameshapiga kelele na marekebisho yameshatoka. Toleo la Windows 10 lililoitwa 1809 lilitoka tarehe 2 Oktoba 2018, likafuta mafaili ya baadhi ya watu kwenye folda kama Documents na Pictures, likasimamishwa baada ya siku chache na kurudishwa katikati ya Novemba. Aliyesubiri alilisikia redioni tu.

Kusitisha ni rahisi: ingia "Settings", kisha "Windows Update", bofya "Pause". Unapewa hadi wiki tano. Lakini kusitisha si kuzima moja kwa moja, na wale mafundi wanaokuzimia apdeti "ili zisikusumbue" hawakusaidii. Kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani tarehe 12 Mei 2017, wakati kiraka cha kuziba tundu kilichopitia kilikuwa kimetolewa tangu 14 Machi. Miezi miwili watu walikaa nacho bila kukiweka. Na kama bado uko kwenye Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza anapata viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026.

Chagua na msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba. Kama kompyuta ya nyumbani ndiyo inayobeba hesabu za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au wewe ni mwalimu mwenye ripoti za mwisho wa mwaka, usiruhusu apdeti kubwa ya kubadili toleo kipindi hicho. Za usalama za kila mwezi ziingie kwa kuchelewa kidogo, hiyo kubwa ingoje kazi ipungue.

Vifaa nunua mapema. Diski au adapta ukiikosa Mtwara mjini au Lindi, unaagiza Dar, na barabara hiyo mvua zikichachamaa si ya kuitegemea. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika upande wa Kilwa. Mwezi huohuo kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Anayetegemea kuagiza diski au kupakua mafaili yake siku ya tatizo anategemea mambo mawili yaliyowahi kukatika ndani ya mwezi mmoja.

Umeme: laptopu betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Ya mezani, UPS ndogo ya 650VA inakupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, haikuvushi kwenye apdeti ya saa nzima. Fanya saa ambazo mtaani kwenu umeme huwa umetulia. Ukikatika katikati, usihangaike. Ukirudi, washa na uache, mara nyingi Windows yenyewe itaandika kwamba inarudisha mabadiliko nyuma. Kinachoharibu zaidi ni mtu kubana kitufe cha kuzimia kwa sababu asilimia imegota kwenye 30. Mashine ya mtumba yenye diski ya kuzunguka inaweza kukaa hapo saa mbili. Taa ya diski ikipepesa, kazi inaendelea.

Nafasi kwenye C:, diski yenye Windows, isipungue GB 20. Printa, modemu, kadi ya kamera, flashi, vyote chomoa. Diski ya bakapu ndiyo ya kwanza kuchomolewa.

Afya ya diski ya ndani ipime kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Ikiandika "Caution" au "Bad", usiguse apdeti; toa mafaili, badili diski, ndipo urudi. Apdeti kubwa huandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo, na diski iliyochoka hufia hapohapo. Kisha lawama zote kwa apdeti.

Sasa bakapu. Wengi hunakili Documents wakaridhika, ilhali mafaili yao ya kweli yako Desktop na Downloads. Kagua kote. Programu za hesabu nyingi huweka data kwenye folda yake pale C:, nje ya folda zako kabisa, na data hiyo itolewe kwa kitufe cha bakapu kilicho ndani ya programu yenyewe, maana ukinakili faili la hifadhidata likiwa wazi unaweza kupata nakala isiyofunguka. Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari nazo zikumbuke.

OneDrive inadanganya watu sana. Faili lenye alama ya wingu haliko kwenye kompyuta, lipo jina tu. Ukilinakili kwenda diski ya nje, Windows inalishusha kwanza kwa bando lako, na bando likiisha nakala inagoma. Bofya kulia folda nzima, chagua "Always keep on this device", subiri alama ibadilike kuwa tiki ya kijani, ndipo unakili. Halafu OneDrive inalinganisha, haitunzi: ukifuta huku, na kule linaondoka, na una siku 30 tu za kuliokoa kwenye kapu la taka. Nafasi ya bure ni GB 5. Google Drive ni 15. Kupandisha GB 100 kwa kasi ya Mbps 5 ni zaidi ya saa 44 mfululizo, na bando la kufanya hivyo unalijua bei yake. Mtandaoni weka nyaraka chache zilizo muhimu kuliko zote. Mzigo wote uende kwenye diski ya nje.

Diski ya GB 500 au TB 1 inamtosha mtu wa nyumbani. Kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, GB 100 za video zinapita kwa takriban dakika 20. Kwenye USB 2.0 weka saa nzima. Mafaili madogomadogo maelfu huchelewa zaidi. Diski iwe imeformatiwa kwa NTFS au exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na video ya harusi ndiyo huwa ya kwanza kugoma. Flashi ya "TB 2" inayouzwa bei ya chakula cha mchana ni bandia: imebadilishwa itangaze ukubwa isio nao, inapokea mafaili mpaka mwisho bila kulalamika, kumbe yaliyozidi uwezo wake hayapo. Ipime kwa H2testw, ambayo huijaza kisha kusoma kila ilichoandika.

Anayeweza kutumia dirisha la amri (cmd) atumie hii, akibadilisha jina la mtumiaji na herufi ya diski:

robocopy "C:\Users\jina\Documents" "E:\Bakapu\Documents" /E /R:1 /W:1

Usiweke /MIR hata kama fundi amekuambia ni haraka. /MIR hufanya kule kufanane kabisa na huku. Siku apdeti imefuta mafaili na wewe ukaendesha amri hiyo kwa mazoea, bakapu nayo inasafishwa.

Ukimaliza, bofya kulia folda zote mbili, "Properties", linganisha idadi ya mafaili na ukubwa. Kisha fungua mafaili matano ya aina tofauti kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu. Kuwe na ya pili, ikae nyumba nyingine. Kama uko Mtwara, kwa ndugu Masasi panafaa. Wa pwani, hasa Shangani na Mikindani, diski ikae kwenye kopo linalobana pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, maana upepo wa chumvi hula tundu za USB kimyakimya.

Na sasa lile linaloliza watu, na ambalo karibu hakuna anayelikagua: ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data za diski.

Laptopu nyingi za Windows 11, hata za toleo la Home, hufungwa data zake zenyewe kwa usimbaji mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Huulizwi. Ufunguo wa dharura, tarakimu 48, unapelekwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Chukua karani wa Nachingwea aliyenunua laptopu iliyotumika Kariakoo. Dukani wamemwashia, wamemwekea Word, na ili wavuke ile hatua ya kudai akaunti, kijana wa duka ameingia kwa barua pepe yake mwenyewe. Karani amefika nyumbani, ameweka nywila yake, picha ya watoto kwenye skrini, mwaka mzima mashine inadunda. Hajui kwamba ufunguo wa data zake uko kwa mtu asiyemjua jina la pili, sawa na kujenga nyumba ukamwachia dalali funguo.

Kisha inakuja apdeti. Si lazima iwe mbovu. Kupitia Windows Update huja pia apdeti za BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, za HP, Dell na Lenovo, na BIOS ikibadilika, ile chipu ya TPM inayotunza ufunguo inaweza kuona mashine si ileile na kukataa kuutoa. Wakati mwingine kosa ni la apdeti yenyewe: zilizotoka tarehe 9 Julai 2024 ziliwapeleka watu wengi kwenye skrini hiyo, na marekebisho yakaja tarehe 13 Agosti. Skrini ni ya buluu na inadai tarakimu 48. Karani anapiga simu dukani. Namba haipatikani, au inapatikana na kijana ameshahama, au barua pepe yenyewe aliifungua kwa kazi hiyo tu na nywila ameisahau. Fundi wa mjini anachomoa diski, anaiunganisha kwenye mashine yake, anaona kufuli. Hapo hakuna ujanja. Asiye na ufunguo hafungui, awe fundi wa Nachingwea au wa Marekani. Kinachobaki ni kupiga Windows upya, maana yake mafaili yote kwaheri.

Kinga yake ni dakika tano. Andika cmd kwenye utafutaji, bofya kulia, "Run as administrator", kisha:

manage-bde -status C:

Ikionyesha "Protection On", endelea na:

manage-bde -protectors -get C:

Utaona makundi manane ya tarakimu sita sita. Yaandike kwenye karatasi kwa kalamu, pamoja na herufi nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo, maana skrini ya buluu hutaja hizo ili ujue ni ufunguo upi. Picha ya simu ni sawa kama nyongeza. Kuuhifadhi ndani ya C: ileile ni kazi bure. Kama akaunti iliyoko si yako, nenda "Settings", "Privacy & security", "Device encryption", zima, subiri data zifunguliwe zote, ingia kwa akaunti yako, ndipo uwashe tena ukitaka. Na kabla ya apdeti yoyote ya BIOS, simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -rebootcount 2

Baada ya kuwashwa upya mara mbili unarudi wenyewe.

Flashi ya Windows itengeneze mapema, GB 8 au zaidi, kwa Media Creation Tool ya Microsoft, kwenye kompyuta iliyo nzima. Mashine ikishazima, nyumba nyingi hazina ya pili. Kwenye flashi nyingine weka draiva ya Wi-Fi ya laptopu yako, ile programu inayoiendesha Wi-Fi. Ikipotea baada ya apdeti na hukuiweka, chomeka simu ya Android kwa waya na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Mara nyingi Windows huikubali bila draiva yoyote.

Ikigoma kuwaka, usianze na kupiga Windows. Washa, na ikianza kupakia bana kitufe sekunde 10 izime. Rudia mpaka ukurasa wa kujirekebisha utokee, mara nyingi ni baada ya mara tatu. Ingia "Troubleshoot", "Advanced options", "Uninstall Updates", ondoa kwanza "quality update", ile ya mwezi. Ikishindikana ndipo "feature update". Hii ya pili ina siku 10 tu za kurudi nyuma, kwa hiyo usisafishe haraka folda ya Windows.old, inayotunza toleo la zamani. Ikiwaka lakini inajikwaa, fungua cmd kwa "Run as administrator", endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, kwa mpangilio huo, maana ya kwanza ndiyo inayorekebisha ghala ambalo ya pili huchota humo. Kosa 0x80070643 la Januari 2024 lilitokana na sehemu ya urejeshaji kuwa ndogo mno. Mashine iliendelea kufanya kazi, na waliokimbilia kuiformati walijitakia.

Na kama hukuwa na bakapu, bado usikate tamaa: kwenye ukurasa huohuo fungua "Command Prompt", andika notepad, kisha "File", "Open", chagua aina zote za mafaili. Dirisha hilo linakuruhusu kubofya kulia, kunakili folda na kubandika kwenye diski ya nje. Herufi za diski huko hubadilika, C: inaweza kuwa D:, angalia kwa majina ya folda.

Ukimpelekea fundi, mwambie mbele yako kwamba data zinatolewa kwanza, na akikuahidi "Keep my files" jua kwamba programu zote zitaondoka hata hivyo. Barua pepe yako usimwachie nywila yake. Windows iliyowashwa kwa programu za wizi, apdeti huivuruga mara kwa mara na hakuna wa kumlalamikia. Begi la laptopu likienda nawe kwenye basi, diski ya bakapu na ile karatasi visiwe humo.