Nusu-orki msomi wa mizungu: kuoanisha mbari na fani zisizoendana

Mezani kwetu, tunapocheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa kalamu na dadu, kuna ndugu mmoja ambaye kampeni mpya (hadithi ndefu ya vikao vingi) ikianza, yeye ni elfi mpiga mishale. Ikiisha, inayofuata, elfi mpiga mishale. (Elfi ni yule kiumbe wa hadithi anayefanana na mtu; ninaandika "elfi" kwa sababu ukiandika "elfu" watu wanaanza kuhesabu.) Simlaumu. Elfi ana alama nzuri ya Wepesi, mpiga mishale anataka Wepesi, kazi imekwisha. Mimi raha yangu iko kwingine: mhusika ambaye ukimtaja, mwendesha mchezo, yule anayesimulia na kuamua kanuni, anaweka kalamu chini na kusema, "Hebu rudia." Nimetengeneza kadhaa wa namna hiyo. Wengine wamekufa vibaya, na si kwa bahati mbaya ya dadu bali kwa uzembe wangu.

Mfano wa leo ni nusu-orki (mbari, yaani aina ya kiumbe: nusu mtu, nusu orki, jitu la hadithi lenye nguvu) katika fani, yaani kazi ya mhusika, ambayo vitabu vya Dungeons & Dragons vinaiita Wizard. Simwiti mchawi, maana mchawi kwetu ana kesi ya kujibu. Namwita msomi wa mizungu, yaani wa nguvu za kimiujiza anazojifunza vitabuni. Neno lenyewe lina kasoro moja: mizungu ikiwa mmoja inakuwa "mzungu", na hilo limetuchekesha vya kutosha, kwa hiyo nitasema mizungu hata pale inapokuwa mmoja. Kanuni ninazotumia ni za toleo la tano la mwaka 2014. Msingi wake unapatikana bure, na tangu Januari 2023 uko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo huhitaji kununua kitu ili kufuata sehemu kubwa ya hatua hizi.

Hatua ya 1: Uliza fani inavuja wapi

Wengi huchagua mbari inayoongeza kile ambacho fani inacho tayari. Ni sawa na kununua sufuria ya tano wakati nyumba haina kijiko.

Anza na fani. Msomi wa mizungu ana akili, ana moto, ana majibu ya kila kitu. Anavuja kwenye uhai, zile pointi zinazopungua ukipigwa. Dadu yake ya uhai ni ya pande 6, hakuna fani yenye ndogo zaidi, na hakufundishwa kuvaa deraya ya aina yoyote. Mizungu yake mingi mizuri inadumu kwa umakini, yaani akipigwa anaweza kuipoteza papo hapo. Sasa pitia orodha ya mbari ukitafuta wa kuziba matundu hayo.

Kibeti wa milimani anajua kuvaa deraya nyepesi na za kati tangu kuzaliwa, na kanuni zinamruhusu msomi kutumia mizungu ndani ya deraya aliyofundishwa. Hapo una msomi mwenye chuma kifuani kuanzia siku ya kwanza. Yule kobe mwenye miguu miwili, anayeitwa Tortle, ana gamba linalompa kinga 17 (namba ambayo adui lazima aifikie ili ampige) bila kuvaa kitu. Nusu-orki ana kitu ninachokipenda zaidi: akipigwa hadi uhai ukafika sifuri, anaweza kubaki na 1 badala yake, mara moja kabla ya kulala usingizi kamili. Anaona gizani umbali wa futi 60. Halafu anapata Nguvu 2 na Ustahimilivu 1, na hapo ndipo watu wanaposema, "Basi mfanye mpiganaji."

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hasara, kwa kalamu

Hofu ya "haiendani" nyingi ni urithi. Katika kanuni za kwanza za mwaka 1974 kibeti aliruhusiwa kuwa mpiganaji tu, na alikwamia ngazi (daraja la uzoefu) ya 6. Vizuizi vya aina hiyo viliondolewa na toleo la tatu mwaka 2000, ingawa nusu-orki wa toleo hilo bado alikatwa pointi 2 za akili. Katika kanuni za 2014 hakatwi chochote. Hapewi nyongeza ya Akili, basi. Tuone hiyo inagharimu nini hasa.

Kwa njia ya kununua alama sita za mhusika kwa pointi 27, mimi nanunua hivi: Akili 15 kwa pointi 9, Ustahimilivu 15 kwa pointi 9, Wepesi 14 kwa pointi 7, Busara 10 kwa pointi 2. Nguvu na Mvuto nawaacha kwenye 8, bure. Ongeza vya mbari na unapata: Nguvu 10, Wepesi 14, Ustahimilivu 16, Akili 15, Busara 10, Mvuto 8.

Mtu wa mbari ya nomu, wale wadogo wenye akili nyingi, angeanza na Akili 17. Ya kwake inampa nyongeza ya +3 kwenye dadu, yangu +2. Tofauti ni moja. Adui anayejinusuru na mizungu yangu, yaani anayerusha dadu ili aikwepe, anahitaji 12 badala ya 13. Shambulio langu ni +4 badala ya +5. Kwenye dadu ya pande 20, moja ni asilimia 5. Ukirusha mara ishirini, mara moja utakumbuka kwamba hukuchagua nomu.

Hasara ya pili haionekani haraka: idadi ya mizungu unayoandaa kila asubuhi ni nyongeza ya Akili pamoja na ngazi yako. Ngazi ya 1 mimi naandaa 3, nomu 4. Hiyo inauma zaidi kuliko asilimia 5, na dawa yake iko hatua ya 4.

Kama mnacheza kwa vitabu vya 2024, hesabu hii karibu inafutika. Nyongeza za alama zimehamia kwenye maisha ya mhusika kabla ya safari, na nusu-orki ameondoka kwenye kitabu kikuu. Yupo orki kamili. Mpe usomi kama maisha ya awali, Akili inaanza na 17. Bado anabaki na 1 akipigwa hadi sifuri, na juu yake anaweza kukimbia kwa tendo la ziada, yaani anatimua mbio na kurusha mizungu katika zamu hiyo hiyo. Kwa msomi, miguu ni deraya.

Hatua ya 3: Tafuta vipaji vinavyogombana

Hatua hii niliilipia. Mhusika wangu wa kwanza wa kinyume alikuwa nomu katika fani ya mbabe, yule anayepandwa na mori vitani. Nilimpa shoka kubwa la mikono miwili, picha yake ikanifurahisha, tukacheza vikao vitatu nikikosa kila kitu. Kikao cha nne mwenzangu akasoma kwa sauti: kiumbe mdogo akitumia silaha nzito hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa nomu na ukurasa wa mbabe. Ukurasa wa silaha sikuufungua. (Vitabu vya 2024 vimebadilisha hilo; sasa silaha nzito za mkononi zinaangalia kama una Nguvu 13. Nimechelewa kuzaliwa.)

Kwa hiyo andika vipaji vyote vya mbari upande mmoja wa karatasi, vya fani upande wa pili, na ujiulize kila kimoja kinahitaji nini ili kifanye kazi. Mbabe aliyepandwa na mori hawezi kutumia mizungu, kwa hiyo mbari yenye mizungu ya kuzaliwa inalala kila vita inapoanza. Mtu-ndege Aarakocra haruki akiwa na deraya ya kati au nzito, basi usimvalishe chuma cha kuanzia shingoni.

Kwa nusu-orki wetu kipaji kimoja kinakufa kabisa: ile nyongeza ya dadu ya madhara pigo likiwa la ajabu (dadu ikiangukia 20). Kinataka silaha ya mkononi. Shocking Grasp, mguso wa umeme, ni shambulio la mizungu, halihesabiki hata kama unamgusa adui kwa kiganja. Kiache kife. Mhusika mwenye kipaji kimoja kilicholala si mgonjwa. Ninaowaona wanaharibikiwa ni wale wanaompa msomi rungu na kumkimbiza mstari wa mbele ili kipaji kisipotee.

Hatua ya 4: Chagua mizungu isiyouliza una akili kiasi gani

Hapa ndipo mhusika anapopona. Mizungu ya msomi ni ya aina mbili: inayopimwa kwa Akili yako, na isiyojali. Ya pili ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Magic Missile inatoa vishale vitatu, kila kimoja dadu ya pande 4 ukiongeza 1, na havikosi. Sleep ya 2014 unarusha dadu tano za pande 8 na kulaza viumbe wenye uhai kiasi hicho, kuanzia aliye dhaifu zaidi, hakuna kujinusuru. Shield inakupa kinga +5 kwa mwitikio, yaani hata kama si zamu yako. Mage Armor inafanya kinga yako 13 pamoja na Wepesi, kwa saa 8. Kwetu ni 15.

Kitabu chako kinaanza na mizungu 6 ya ngazi ya kwanza. Hiyo minne ni tayari. Miwili iliyobaki naijaza na Find Familiar (inakuitia msaidizi mwenye umbo la mnyama) na Detect Magic (inaonyesha palipo na mizungu), kwa sababu moja: zote ni za ibada, na msomi anazifanya moja kwa moja kutoka kitabuni bila kuziandaa asubuhi. Unachohitaji ni dakika 10 za ziada, na kwa Find Familiar makaa, ubani na mitishamba ya dhahabu 10. Kwa hiyo nafasi zangu tatu zinatosha: Shield, Sleep, na ama Mage Armor ama Magic Missile kutegemea tunakwenda wapi. Lile pengo la nafasi moja limezibwa.

Usiache kabisa mizungu inayopimwa. Fire Bolt, kishale cha moto, bado ni rafiki, na Fireball, mpira wa moto, ikifika ngazi ya 5, adui akijinusuru anaungua nusu. Ila usijaze kitabu kwa mizungu ambayo adui akifaulu hakuna kinachotokea.

Hatua ya 5: Mpe sababu, na sababu iguse namba

Naomba tusimfanye yatima aliyeokotwa na mzee wa mizungu. Tumeshamwona huyo.

Wangu anaitwa Gorbu. Alikuwa hamali bandarini, akibeba makasha ya vitabu vya chuo cha mizungu. Kila kasha limeandikwa linakokwenda, na hamali asiyejua kusoma hulipeleka pasipo pake akakatwa ujira. Akajifunza herufi ili asikatwe. Msomaji makini atauliza hamali gani ana Nguvu 10. Ni hamali aliyeumia mgongo. Ndiyo iliyomtoa bandarini. Kitabu chake cha mizungu ameshona mwenyewe kwa uzi wa gunia, karatasi zake ni hati za shehena, mizungu imeandikwa nyuma ya orodha za magunia. Kanuni hazikulazimishi kitabu kifananeje.

Jambo la pili limo kwenye mbari yenyewe. Nusu-orki anakomaa na miaka 14 na ni nadra avuke 75. Elfi anafika 750. Wasomi wenzake wana karne saba za kusoma bila haraka. Gorbu hana. Akiona gombo la mizungu ya wengine anataka kulinakili leo, saa 2 na dhahabu 50 kwa kila ngazi ya mizungu, na deni juu. Hilo moja limenipa mazungumzo mengi kuliko kurasa tatu za historia ya ukoo.

Hatua ya 6: Mwone mwendesha mchezo mapema

Maswali mawili tu. La kwanza: katika ulimwengu wenu watu humtazamaje nusu-orki, na je, unataka hilo liwe sehemu ya mchezo au umechoshwa nalo kazini na mtaani? Sema wazi. Hakuna anayelazimika kudharauliwa kila Jumamosi kwa sababu tu mhusika wake ana pembe za meno.

La pili ni la kitisho. Nusu-orki anapewa ustadi wa kutisha bure, lakini hupimwa kwa Mvuto, na wetu ana 8. Jumla ni +1. Kanuni zinamruhusu mwendesha mchezo kubadilisha alama inayotumika hali ikidai. Gorbu hapayuki. Anakueleza kwa sauti ya chini mizungu itaufanyia nini mwili wako, kiungo kwa kiungo. Mwombe itumike Akili, iwe +4. Wangu alikubali, kwa sharti kwamba kila mara niyaseme maneno yenyewe badala ya kurusha dadu tu.

Hatua ya 7: Vita vya kwanza

Ngazi ya 1 Gorbu ana uhai 9. Kile kipaji cha kubaki na 1 si ruhusa ya kusimama mlangoni. Nilifikiri hivyo na mmoja wa wahusika wangu alizikwa. Madhara yanayobaki baada ya kufika sifuri yakilingana na uhai wako kamili, umekufa moja kwa moja na kipaji hakisemi kitu. Rungu la Ogre, jitu la hadithi, linafika madhara 20. Kwa mtu wa uhai 9, kuanzia 18 ni jeneza.

Thamani yake halisi ni kwenye umakini. Msomi mwingine akifika sifuri anazimia na mizungu aliyoishikilia inakatika. Gorbu hazimii. Atarusha dadu ya Ustahimilivu, lengo likiwa 10 au nusu ya madhara, lolote lililo kubwa. Kwa lengo la 10 na nyongeza yake ya +3, anahitaji 7 kwenda juu: asilimia 70. Amesimama na uhai 1, mizungu aliyoishikilia bado inadumu, zamu inakuja kwake. Zamu hiyo aondoke. Asirushe kitu kizuri, aondoke.

Ngazi ya 4 unapewa pointi za kuongeza, na ndiyo maana tuliiacha Akili kwenye 15, namba isiyo shufwa. Kama mezani kwenu vipaji vya hiari vinaruhusiwa, chukua kile kiitwacho Keen Mind cha kitabu kikuu cha 2014. Kinaongeza Akili 1, unafika 16, nyongeza inakuwa +3. Kisha mhusika anakumbuka kwa usahihi kila alichokiona au kukisikia ndani ya mwezi uliopita. Muulize Gorbu kasha la tatu kutoka kushoto, kwenye ghala tulilopita wiki iliyopita, liliandikwa nini.