Lile boksi la king'ora cha moto ukutani: linavyofanya kazi na jinsi ya kulijaribu mwenyewe

Lodge na hosteli nyingi, pale mapokezi au kwenye kibanda cha mlinzi, utakuta boksi la bati limefungwa ukutani, lina vitaa na tundu la ufunguo, na wengi wanalijua kwa kitu kimoja tu, ni lile linalopiga piip piip usiku mpaka mlinzi anabonyeza kitufe cha kunyamazisha anarudi kulala. Hiyo ndo paneli ya king'ora cha moto. Naongelea ile ya kawaida ya zoni, yaani inayogawa jengo kwa maeneo, sio zile za bei zinazokutajia mpaka namba ya chumba, maana kwenye majengo madogo hii ndo imejaa.

Ndani hamna maajabu. Umeme wa ukutani unashushwa mpaka volti 24, kuna betri mbili za volti 12 zimefuatanishwa, alafu kuna bodi. Kwenye bodi zinatoka nyaya mbili kwenda kila zoni, tuseme zoni 1 ni chini, zoni 2 ni ghorofani, na ditekta zote za moshi pamoja na vile vitufe vyekundu vya kuvunja kioo vinaning'inia kwenye nyaya hizo hizo mbili. Kule mwisho kabisa, kwenye ditekta ya mwisho, inafungwa resista ndogo (kile kijikifaa kinachobana umeme upite kidogo), paneli nyingi zinataka ya kilo-omu 4.7 ila soma kitabu cha paneli yako. Hapo ndo kazi yote ilipo. Volti 24 ukipitisha kwenye resista hiyo unapata kama miliampia 5, na paneli inakaa inapima hizo 5 mchana na usiku. Moshi ukiingia kwenye ditekta, au mtu akibonyeza kitufe, mkondo unapanda ghafla, paneli inasema moto, taa nyekundu. Waya ukikatika au panya akitafuna, mkondo unashuka mpaka sifuri, paneli inasema hitilafu, taa ya njano na ile piip piip. Kwaiyo ile kelele ya usiku inakwambia kuna upande wa jengo paneli haiuoni tena.

Sasa kuna uhuni mmoja nimeukuta sana. Fundi kashindwa kutafuta waya ulipokatika, anachukua resista anaifunga humo humo ndani ya boksi, pale nyaya za zoni zinapoanzia, paneli inasoma 5 zake inatulia, taa ya kijani, mteja analipa anashukuru. Ghorofa nzima haina ulinzi na hamna anayejua. Kumkamata ni rahisi, panda ngazi nenda kwenye ditekta ya mwisho ya kila zoni, izungushe kinyume na saa itoke kwenye kiti chake, alafu subiri. Kiwango cha Ulaya cha EN 54-2 kinataka paneli itangaze hitilafu ndani ya sekunde 100. Ikikaa kimya, fungua boksi (kata umeme kwanza) uangalie resista iko wapi.

Kwenye ving'ora napo kuna akili kidogo. Muda wote paneli inapeleka umeme uliogeuzwa, chanya kwenye hasi, na kila king'ora kina dayodi, kitu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inayouzuia, kwaiyo hakilii lakini laini inapimwa. Moto ukitokea paneli inageuza pande, dayodi inafungua, vinalia. Ukifunga king'ora nyaya zimepishana, siku ya siku hakitalia, ndo maana kila kimoja lazima ukisikie kwa masikio yako. Ndani yake kuna swichi ndogo ndogo za kuchagua mlio, weka vyote mlio mmoja jengo zima, watu wasianze kubishana huu ni wa moto au wa gari la mtu. Mlio wa kimataifa wa ISO 8201 ni milio mitatu ya nusu sekunde yenye mwanya wa nusu sekunde, alafu kimya sekunde moja na nusu, inarudia.

Na sauti ifike. Waingereza kwenye kiwango chao cha BS 5839 wanataka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 65 kwa jumla, na 75 pale kwenye mto wa kulalia kama watu wanalala. Piga hesabu, king'ora cha desibeli 100 kwa mita 1, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza 6, kwaiyo mita 8 koridoni zimebaki 82, mlango wa mbao wa kawaida unakula kama 20, aliyelala anapata 62. Hapo haamki huyo! Weka ving'ora vya chumbani.

Ikilia kweli, angalia zoni gani, toa watu, piga 114 kama uko Tanzania. Usikimbilie kuriseti, yaani kuirudisha paneli kwenye hali ya kawaida. Ditekta iliyoshika moshi inabaki na kataa kekundu kamewaka mpaka uriseti, ukiriseti mapema umejifutia ushahidi na utazunguka vyumba vyote kutafuta ilikuwa ipi. Nyamazisha baada ya kukagua, kisha riseti.

Kila wiki jaribu kitufe kimoja kwa ule ufunguo wake wa plastiki, wiki ijayo kingine, na waambie watu kabla. Betri zijaribu hivi, zima umeme wa paneli, iache masaa kadhaa, alafu bonyeza kitufe, ving'ora vilie nusu saa bila sauti kufifia. Zikishindwa badilisha zote mbili kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu, na uandike tarehe juu yake kwa maka peni maana zikifika miaka minne hivi huwa zimechoka hata kama taa ya kijani inawaka vizuri tu.