Jinsi ya kupima kazi za mtafiti bila kumwonea aliye fani nyingine

Mtu wa tiba ana saitesheni 900 (yaani mara ambazo kazi zake zimenukuliwa na wengine), mtu wa historia ana 120, watu wanaangalia dakika mbili wanasema wa kwanza ndo mkali. Hili linaniuma kwa kweli, maana hapo hakuna kilichopimwa, ni kama kupima maji kwa mita na kitambaa kwa lita. Kwa hiyo naandika hapa navyofanya mimi.

Kwanza chagua chanzo kimoja na ubaki nacho kwa watu wote unaowalinganisha. Google Scholar, ile ya Google ya kutafutia kazi za kitaaluma, inaokota karibu kila kitu, vitabu, tasnifu, ripoti, makala za mikutano, wakati hifadhidata za Scopus na Web of Science zinachagua majarida ya kuingiza, ndo maana mtu yuleyule mmoja anakuwa na namba tatu tofauti na zote ziko sawa kivyake. Watu wa historia na fasihi wanaandika sana vitabu, na wengi hawaandiki kwa Kiingereza, kwa hiyo ukiwatafuta kwenye Scopus peke yake utaona kama hawajafanya kazi.

Halafu safisha majina, na hapa usiwe na haraka. Profaili ya Google Scholar ikiachwa ijiongezee makala yenyewe inaweza kubeba za mtu mwingine mwenye jina linalofanana, na makala moja ikiandikwa kichwa tofauti kidogo inatokea mara mbili. Mimi hupitia mstari kwa mstari nikilinganisha na sivii (CV) yake na namba yake ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti mmojammoja, kama anayo. Ukitaka kuvuta data bila kulipa kuna programu ya Publish or Perish ya Anne-Wil Harzing, inasaidia sana.

Sasa indeksi ya h, ile aliyoileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni idadi ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, tuseme 48, 33, 20, 12, 7, 6, 5, 3, 1. Hesabu kushuka: ya tano ina 7, inapita, ya sita ina 6, inapita, ya saba ina 5 tu, imekwama. Basi h yake ni 6. Na ona hiyo ya 48, hata ingekuwa 4,800 h ingebaki 6 ileile! Hirsch mwenyewe alisema kwenye makala yake kwamba wa baiolojia wanakuwa na h kubwa kuliko wa fizikia, yaani onyo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Pia alipendekeza ugawe h kwa miaka tangu mtu achapishe kwa mara ya kwanza, ili kijana asishindanishwe na mzee wa miaka 30 kazini.

Kwenye fani tofauti kinachosaidia ni kulinganisha kila makala na wenzake, yaani makala za fani hiyohiyo, mwaka huohuo, aina hiyohiyo (makala za mapitio, zile zinazokusanya tafiti za wengine, zinanukuliwa kuliko utafiti wa kawaida, usichanganye). Chukua mfano, makala ya historia ina saitesheni 12 na wastani wa wenzake ni 4, ukigawa unapata 3. Ya tiba ina 45, wastani wa wenzake 30, unapata 1.5. Umeona mambo yalivyogeuka? Yule wa 12 ndo kapita wenzake mbali zaidi. Scopus wana kipimo cha namna hii, FWCI (Field-Weighted Citation Impact), ambapo 1 ni wastani wa dunia. Ila mtu akiwa na makala saba nane tu usiuamini huo wastani, makala moja iliyolipuka inaubeba wote, bora uhesabu ngapi ziko kwenye asilimia 10 zinazonukuliwa zaidi za fani yake.

Angalia na idadi ya waandishi. Mwaka 2015 timu mbili za wanafizikia wa CERN, ATLAS na CMS, zilichapisha makala ya pamoja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs, waandishi zaidi ya 5,000, sasa kila mmoja akijipa saitesheni zote, na mwanafalsafa anaandika peke yake, hapo kuna haki gani? Gawa kwa idadi ya waandishi, au walau iandike pembeni.

Impakti fakta achana nayo kabisa kwenye kumpima mtu, hiyo ni ya jarida, wastani wa makala zake zinavyonukuliwa. Azimio la San Francisco kuhusu kutathmini utafiti, DORA, lilishalisema hilo tangu 2012.

Ukimaliza, kila namba iandikie chanzo na tarehe uliyoitoa, maana mwezi ujao itakuwa imebadilika, halafu mwombe mhusika achague makala zake tatu na mzisome, mzisome kweli, kabla hamjakaa kuamua.