SOMO: Kununua pikipiki ya kruza iliyotumika na kuitunza hapa Uganda

Kruza, ile pikipiki nzito yenye kiti cha chini, haiuawi na kutembea, inauawa na kusimama. Shika hilo kabla hujatoa hata shilingi moja. Boxer ya boda boda inashinda barabarani: petroli inapita kwenye kabureta, betri inachajiwa, sili zinapata oili. Kruza hununuliwa kwa mapenzi, ikaendeshwa Jumapili mbili tatu, kisha ikafunikwa turubai Entebbe mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akikuambia "haijatembea sana hii", usifurahi. Anza kukagua.

Hatua ya 1: Aina. Mimi napendelea zenye shafti (chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni) na injini ya kupozwa kwa hewa, kama Yamaha Virago 535 au DragStar 650. Vumbi la marami linakula cheni na sproketi, lakini shafti imefungwa ndani. Honda Shadow 600 ni nzuri pia, ila ina cheni na rejeta ya maji ya kuangalia. Mwenye bajeti ndogo asiidharau Bajaj Avenger 220. Fundi aliyezoea Bajaj hatababaika akiifungua.

Hatua ya 2: Ikute baridi. Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye silinda. Kama ni ya moto, nenda kanywe chai, urudi ikipoa, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Ivutie choki, iwashe, utazame ekzosi. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake inakula oili. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na huenda ni filta chafu tu.

Hatua ya 3: Tochi na kidole. Fungua tanki, mulika ndani kwa simu. Ukiona kutu ya kahawia, ujue vipande vyake vimeshashuka kwenye kabureta. Nusa pia: petroli iliyolala muda mrefu hunuka kama vanishi. Kisha kamata breki ya mbele, kandamiza usukani mara kadhaa, upitishe kidole kwenye bomba la shokapu. Kidole kikitoka na oili, sili zimekwisha.

Tairi lina tarakimu nne pembeni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa nzima na mpira umeshakauka.

Beba mita ya umeme. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6, na ukiongeza mafuta injini ikinguruma ipande kukaribia 14. Ikibaki 12, koili ya kuchaji au rektifaya (kidhibiti cha chaji) ina kasoro. Ikipita 15, rektifaya inaipika betri.

Hatua ya 4: Karatasi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu. Ilinganishe na logibuku, tarakimu kwa tarakimu, na ya injini vilevile. Usimalizie pesa kabla umiliki haujahamishwa. Bima ya mtu wa tatu ni lazima, na leseni yako iwe na daraja A.

Matunzo. Tumia oili yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Klachi ya kruza nyingi huoga kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Shafti ina oili yake ya gia pale gurudumu la nyuma. Mafundi wengi huisahau, wewe usisahau. Kiangazi, fungua filta ya hewa mara kwa mara. Ukijua utaiegesha zaidi ya mwezi, jaza tanki hadi juu ili unyevu usipate nafasi, mwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta kwa skrubu ya chini, chomoa waya hasi wa betri.

Spea nyingi za soko la Kisekka, Kampala, ni za magari, kwa hiyo sehemu za injini utaagiza nje. Lakini bering huuzwa kwa namba na sili kwa vipimo: peleka ya zamani mkononi.

MASWALI

*Mbarara: Mkubwa, nikipanda Kabale inakosa nguvu na plagi zinatoka nyeusi. Nibadilishe jeti ya petroli kwenye kabureta?*
Usibadilishe kwa ajili ya safari moja, kaka. Kampala ni kama mita 1,200 juu ya bahari, Kabale inakaribia 2,000. Hewa ni nyepesi, petroli inazidi. Safisha filta kwanza, hakikisha choki inarudi yote.

*Jinja: Ni ya 1999 na mita inasoma kilomita 9,000. Niamini?*
Tazama raba za kukanyagia, pedali ya breki na tundu la ufunguo. Vikiwa vimelika, mita inadanganya. Vikiwa vizima, basi imesimama miaka mingi: rudi hatua ya 3 na upunguze bei kwa gharama ya kabureta, tairi na betri.

*Arua: Mimi ni mwanamke mfupi, na hii itakuwa pikipiki yangu ya kwanza. Nitaiweza?*
Kimo si tatizo, dada. Kiti cha DragStar 650 ni kama sentimita 70 tu, miguu yote itagusa chini. Tatizo ni uzito, unaozidi kilo 200, hasa kwenye tope. Ikalie injini ikiwa imezimwa, uisukume kinyumenyume kwenye kimwinuko kidogo. Ikikushinda, anza na Avenger mwaka wa kwanza.