Kimbunga kikiwa njiani: jinsi ya kusoma vipimo vya ndege mwenyewe

Hii ni kwa ndugu zetu mlioko Houston, Tampa, Miami na pwani yote ile, pia nyie mlio nyumbani mnaopiga simu usiku kuuliza jamani mko salama. Msimu wa Atlantiki unaanza Juni 1 hadi Novemba 30, na kila mwaka watu wanarushiana ramani kwenye WhatsApp bila kujua namba zimetoka wapi. Naomba tujifunze, inaokoa watu.

Ingia tovuti ya National Hurricane Center, kituo cha Marekani cha kutabiri vimbunga, ni bure. Taarifa kamili zinatoka saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku kwa saa za Florida. Usiishie kwenye ramani, fungua ile sehemu ya Discussion, hapo mtabiri anaeleza ametumia nini. Unachotafuta ni kimoja: ndege ya kupima imeingia ndani ya kimbunga au bado? Kama bado, ile spidi ya upepo ni makadirio ya kutoka picha za setilaiti, na yanaweza kupishana na hali halisi.

Ndege zenyewe ni WC-130J za jeshi la anga la Marekani kutoka Biloxi na P-3 za NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, kutoka Lakeland, zinapita katikati ya ukuta wa jicho kabisa, yaani pete ya mawingu yenye upepo mkali kuliko wote inayozunguka jicho, kitovu kilicho tulivu, kazi ambayo rubani Joseph Duckworth aliianza mwaka 1943 kwenye kimbunga karibu na Galveston. Wakiwa juu wanadondosha dropusondi, bomba jepesi lenye kiparachuti na GPS, linashuka dakika chache tu mpaka baharini huku linatuma presha ya hewa, joto, unyevu na upepo njia nzima.

Sasa, kwenye tovuti hiyohiyo, fungua ripoti ya ndege inayoitwa Vortex Data Message. Inatisha kwa vifupisho lakini wewe shika vitu viwili tu, saa ya kipimo na presha ya chini kabisa kwa milibari (kipimo cha presha ya hewa). Linganisha na ripoti iliyotangulia: kama ilikuwa 985, ikaja 978, halafu 970, kimbunga kinapata nguvu hata kama kategoria (daraja la 1 hadi 5 kwa spidi ya upepo) haijabadilishwa bado, kwa hiyo usingoje tangazo lijalo ndo uanze kufunga mizigo. Na angalia pia upepo ambao dropusondi imeukuta chini kabisa ndani ya jicho. Ukikuta noti 20 (knots, kipimo cha spidi ya upepo) maana yake haikuangukia katikati penyewe, presha halisi iko chini zaidi, wataalamu wanapunguza kama milibari 1 kwa kila noti 10.

Kwa nini nasisitiza presha? Kumbuka kimbunga Otis, Oktoba 2023. Ndani ya kama siku moja ilitoka dhoruba ya kawaida ikawa kategoria 5 ikapiga Acapulco, Mexico, modeli nyingi za kompyuta za kutabiri hazikuliona hilo, na ndege ndo iliyogundua kwamba mambo yamegeuka. Tatizo hilo ndo watafiti wanahangaika nalo: mwaka 2009 NOAA ilianzisha mradi maalum wa kuboresha utabiri, 2023 wakaanza kutumia modeli mpya ya HAFS inayopokea data za rada za hizi ndege, na 2021 walipeleka chombo cha baharini kisicho na mtu ndani ya kimbunga Sam, kikarudisha video ya mawimbi ya mita 15, maana kule chini bahari inapolisha kimbunga joto, ndege haiwezi kwenda.

Lile umbo la koni (cone) la njia ya kimbunga kwenye ramani nalo lisikudanganye. Linaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, na kitovu hubaki ndani yake kama mara 2 kati ya 3, ila mvua, upepo na maji ya bahari vinafika mbali nje ya mstari. Kimbunga Beryl cha Julai 2024 ilikuwa kategoria 1 tu, Houston na jirani zake zaidi ya wateja milioni 2 wakakosa umeme.

Kwa walioko Tanzania, Komoro na Msumbiji: Bahari ya Hindi yetu kwa kawaida haina ndege hizi za kupima vimbunga. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifuatiliwa zaidi kwa setilaiti, mtaalamu anasoma umbo la mawingu anakadiria upepo. Kwa hiyo ukiona namba ya upepo huku kwetu ichukulie ni makadirio, fuata matangazo ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), au ya mamlaka ya nchi yako, kila yanapotoka, na mvuvi asitoke kwa sababu tu namba imeshuka kidogo kwenye apu.