Kutoka Albamu hadi Zulia: namna ya kuendesha changamoto ya alfabeti kwa vitu vya nyumbani

Changamoto yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mnachukua herufi moja, kila mshiriki anatafuta nyumbani kwake kitu anachokithamini kinachoanza na herufi hiyo, anakipiga picha, anakitengenezea ukurasa mmoja kwenye kompyuta au simu, kisha anaandika maneno machache kukihusu. Mkifika Z mna albamu. Mimi naifanya na ndugu zangu na mabinamu, watu tuliotawanyika kiasi kwamba hatujui tena makabati ya wenzetu yana nini. Kwa hiyo maelezo haya nayalenga kwa kikundi, ingawa hata mtu peke yake anaweza kuyafuata.

Anzeni kwa kukubaliana juu ya herufi. Alfabeti yetu haina Q wala X, na C haisimami bila H, kwa hiyo mkiihesabu CH kuwa moja mnabaki na herufi 24. Kwa mwendo wa herufi moja kila wiki, mnamaliza ndani ya miezi sita hivi. Watatokea wa kudai kwamba SH, NY, TH na NG' nazo zipewe kurasa zake. Mimi huwakatalia. Changamoto ikirefuka watu huanza kukimbia, na wa kwanza kukimbia ni yuleyule aliyetaka iongezwe.

Shida ya alfabeti yetu kwenye kazi hii ni K na M. Kiti, kikombe, kijiko, kisu, kioo, kitabu, kitanda, kabati, kofia. Meza, mto, mkeka, mkoba, mwavuli, mkasi. Nusu ya nyumba imejazana kwenye herufi mbili, halafu E, I na Y zinakaa zinakutumbulia macho. Na mkiruhusu wingi, vitu vyote vilivyokosa nafasi kwenye K vitahamia V: viatu, vikombe, vitabu. Sheria ninayoipenda ni kwamba kitu kinaingia kwa jina linalotajwa humo nyumbani. Ufunguo mmoja wa sanduku ni U. Shada zima linaloitwa "funguo" kila siku ni F. Na kama mtoto alikibatiza kitu jina lake miaka hiyo na familia nzima ikalifuata, jina hilo linakubalika, hata kama kamusi hailijui.

Herufi ngumu msiziruke, wala msizitafutie njia ya mkato ya kuweka kivumishi. Hizo ndizo zinazokulazimisha ufungue droo ambayo hukuwa na sababu ya kuifungua. Kwenye I, dada yangu alitoa insha aliyoiandika akiwa mdogo, ina masahihisho ya wino mwekundu ukingoni. O ilileta orodha ya manunuzi yenye mwandiko wa mama, kipande cha karatasi kilichokuwa kinatumika kama alama ya kitabu. Y ilikuwa yai la mbao, lile linaloingizwa ndani ya soksi ili mtu ashone tundu vizuri. Wadogo walidhani ni kichezeo. E ilikuwa juzuu moja ya ensaiklopedia iliyobaki peke yake baada ya nyingine kuazimwa na kutorudi. Kwenye K hatukupata kitu cha kulingana na hivyo. Kila mtu alipiga picha kikombe.

Katika kuchagua, kigezo changu ni kimoja: natafuta kitu kilichowahi kurekebishwa. Birika lenye mpini uliofungwa uzi, sanduku lenye bawaba mpya upande mmoja, blanketi lenye kiraka kisichofanana nalo. Sahani nzuri isiyowahi kutumika huwa haina la kusema zaidi ya uzuri wake, na uzuri unaisha kwenye sentensi ya pili.

Sasa picha. Zima taa ya simu inayomulika, sogeza meza karibu na dirisha, na uache mwanga uingie kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mikwaruzo, mabonyeo na nyuzi, yaani vile vitu ulivyovichagulia. Upande wa pili wa kitu simamisha karatasi nyeupe au kadibodi, irudishe mwanga kidogo ili kivuli kisiwe kizito. Usikisogelee mno kwa lenzi pana ya simu, kwa sababu kitu kilicho karibu sana hupinda na kuvimba upande wa mbele. Rudi nyuma hatua moja, tumia lenzi ya kawaida, halafu kata picha baadaye. Vitu vinavyong'aa kama birika, kioo au kijiko vitakupiga picha wewe pia. Simama pembeni, au vaa nguo nyeusi na uweke kitambaa cheusi nyuma yako. Karatasi na picha za zamani zilaze chini na kuzipiga kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba nazo. Kama una skana, itakuwa bora zaidi.

Piga tatu: kitu kizima, alama moja kwa karibu, na kitu kikiwa mkononi mwa mtu. Hiyo ya mkononi wengi huiruka, nami huirudisha. Bila mkono, msomaji hajui kama kinu ni cha kutwangia nafaka au cha kusagia pilipili manga.

Kuhusu ukurasa, ukubwa uliozoeleka kwa albamu za aina hii ni mraba wa inchi 12 kwa 12. Ukitaka uchapike vizuri, fungua faili la pikseli (yaani nukta zinazounda picha) 3600 kwa 3600, ambalo ni pikseli 300 kwa kila inchi. Kwenye kompyuta programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP inafanya kazi hii bila malipo. Kwenye simu programu ya Canva inatosha. Panga kwa matabaka: chini kabisa karatasi ya mandhari, juu yake picha, juu yake mapambo, na maneno juu ya vyote. Mapambo yaliyokatwa, kama utepe au kifungo, yahifadhi kwa aina ya faili la picha iitwayo PNG, kwa sababu ile ya JPG haiwezi kuacha sehemu iwe wazi na itakuletea kiboksi cheupe. Ukiweka vivuli, vyote vielekee upande mmoja. Jicho hulikamata kosa hilo hata kwa mtu asiyejua kulieleza.

Herufi yenyewe iwe kubwa na ikae mahali palepale kwenye kurasa zote. Fonti mbili zinatosha albamu nzima. Rangi ya mandhari uichote kutoka kwenye kitu chenyewe kwa kile kifaa cha kuchotea rangi kilichomo kwenye programu. Zulia lililofifia litakupa rangi ambayo usingeibuni mwenyewe. Vibandiko vya maua na vipepeo sina ugomvi navyo, ila sivitumii.

Maneno ndiyo yanayotaka muda. Usianze na "Hiki ni", maana picha imeshasema. Andika kilikuwa kinakaa wapi, nani aliruhusiwa kukigusa, kilitoa sauti gani. Ukurasa wangu wa R una maneno haya tu: "Redio ilikaa juu ya kabati ili watoto tusiifikie. Babu aliiwasha mapema kabla ya taarifa ya habari, akaipiga kofi moja upande wa kulia, ndipo ikasema. Kuipiga kofi ilikuwa ruhusa yake peke yake. Siku hizi haisemi hata ikipigwa, lakini kila mjukuu anayeingia lazima ajaribu."

Kama hadithi huijui, mpigie anayeijua, lakini usimwulize "unakumbuka nini kuhusu saa hii?" Swali pana hivyo huzaa jibu la "ah, ilikuwa saa nzuri." Mtumie picha ya alama ile, umwulize: "Shangazi, huu ufa uliingiaje?" Hapo utasikia nani aliangusha, nani alisingiziwa, na nani alikula fimbo. Mwombe ruhusa ya kurekodi sauti, kwa sababu maneno yake halisi ni matamu kuliko muhtasari wako. Wazee wawili wakitofautiana, weka masimulizi yote mawili ukurasani na majina yao chini. Sisi kwenye T, taa ya mafuta, tuna wawili ambao kila mmoja anaapa ndiye aliyeinunua.

Kabla ya kutuma, kagua mambo machache. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa hiyo ondoa taarifa hiyo kama albamu itatoka nje ya familia. Vyeti na barua zifunike namba na anwani. Kitu cha thamani kubwa usikionyeshe pamoja na chumba kinapokaa. Na kama hadithi inamtaja mtu aliye hai, aisome kwanza.

Programu nyingi za ujumbe hubana picha zikiwa njiani, basi tuma ukurasa kama faili, si kama picha. Kwa kutazama tu kwenye simu, nakala ya JPG ya pikseli 1500 hivi inatosha, ila tunza pia lile faili kubwa lenye matabaka, kwa sababu utataka kurekebisha jina au mwaka. Yape mafaili majina yanayojipanga yenyewe: 01-A-albamu, 02-B-birika, na kuendelea. Weka nakala sehemu mbili tofauti, mojawapo nje ya kompyuta unayofanyia kazi, na mteue mtu wa pili anayejua ziliko.