Unatumia valproeti ya kifafa? Muone daktari kabla ya kushika mimba

Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengi bado wanadhani hedhi imechelewa tu. Valproeti, mfano Epilim, yaweza kuuzuia usifunge, ndipo mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliofikiwa na dawa hii tumboni huzaliwa na kasoro kubwa, na dozi ikipanda hatari hupanda.

Mwombe daktari akubadilishie mapema, mathalani lamotrijini au levetirasetamu, na muulize kuhusu foliki asidi (vitamini) miligramu 5 kwa siku, miezi 3 kabla ya mimba. (FEFO, kidonge cha madini ya chuma na foliki asidi cha kliniki, haina hata miligramu 1 ya foliki asidi.)

Umeshashika mimba? Usiache dawa ghafla, tafadhali! Kifafa cha mfululizo chaweza kuua mama na mtoto. Nenda hospitali leo hii.